Ardhi ya umma huuzwa kabla ya mnada

Tangazo la mnada wa mali ya serikali huwa fupi. Hubanwa kwenye kurasa za nyuma za gazeti: magari mabovu ya idara fulani, jenereta iliyokwisha, vitanda vya hospitali, mabati ya zamani, na mara mojamoja nyumba pamoja na kiwanja chake. Dalali hutaja siku, saa, mahali pa kukagua mali na amana ya kuweka. Msomaji hudhani hapo ndipo biashara inapoanzia. Kwa magari na vitanda huenda ikawa kweli. Kwa ardhi na majengo, siku dalali anapogonga nyundo, maswali yote mazito yameshajibiwa na watu wengine: nani alisema mali hii haihitajiki tena, nani aliipima, nani aliipangia bei, na ni ofisi gani nyingine za umma zilizopewa nafasi ya kuiomba kabla ya mnunuzi binafsi. Sisi wathamini huitwa katikati ya safari hiyo. Mara nyingi tunakuta uamuzi umeshapita, kilichobaki ni kuombwa tarakimu.

Kitui na Makueni, kaunti mbili za Ukambani nchini Kenya, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, ingawa ni nadra kutajwa pale unyakuzi wa ardhi unapozungumzwa. Macho yote huelekezwa Nairobi na ufuo wa Mombasa, kwenye pesa nyingi. Lakini Kitui ina karibu kilomita za mraba 30,500 na ilikuwa na watu 1,136,187 katika sensa ya 2019. Makueni, yenye karibu kilomita za mraba 8,000, ilikuwa na watu 987,653. Katika kaunti hizi viwanja vingi vya umma, kuanzia zahanati na nyumba za walimu hadi kichinjio cha sokoni, havina hatimiliki. Vinajulikana kwa mazoea tu: wazee wanajua mpaka unaishia kwenye mkuyu ule, chifu anajua, na karani aliyestaafu alikuwa na ramani.

Hali hiyo ina historia. Chini ya ukoloni, Ukambani iligawanywa mafungu mawili: hifadhi ya Wakamba, na ardhi ya Taji iliyohesabiwa kuwa ya Mfalme. Uwanda wa Yatta uliwekwa katika fungu la pili. Makueni lilikuwa pori la mbung'o, na katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilianza kulifyeka ili kuwahamishia watu kutoka sehemu za Machakos ambako udongo ulikuwa umechoka, chini ya mpango ulioitwa ALDEV. Baada ya uhuru hifadhi ikawa ardhi ya amana mikononi mwa mabaraza ya kaunti, nayo ardhi ya Taji ikawa ya Serikali, mikononi mwa Kamishna wa Ardhi aliyekaa Nairobi. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na milango miwili ya kutolea viwanja. Mmoja ulikuwa kwa madiwani, wa pili ulikuwa kwa Kamishna, na funguo zote mbili hazikuwa kwa wananchi.

Kisha zikaja wilaya mpya. Makueni ilikatwa kutoka Machakos mwaka 1992, na Mwingi ikakatwa kutoka Kitui mwaka uliofuata. Kila wilaya ilitaka ofisi, nyumba za maafisa, karakana na ghala. Ugatuzi ulipoanza kazi mwaka 2013, mabaraza ya miji na ya kaunti yalivunjwa nchi nzima, 175 kwa jumla. Ya Kitui, Mwingi, Wote na Mtito Andei yalikuwamo. Mali yao ilipaswa kuhesabiwa kwanza, kisha ikabidhiwe serikali za kaunti. Kazi hiyo ilianzwa na Mamlaka ya Mpito, na muda wake ulipokwisha ikarithiwa na Kamati ya Kiufundi ya Mahusiano baina ya Serikali. Ni kazi ya kuchosha: kutembelea kila banda, kutafuta kila faili, kupatanisha wizara na kaunti kuhusu nyumba ambayo kila mmoja anasema ni yake. Ndiyo kazi muhimu kuliko mnada wowote. Asiye na orodha ya vitu vyake hawezi kujua kipi kimezidi.

Kuamua kipi kimezidi ndiyo hatua ya kwanza ya uuzaji, na ndiyo inayofanyika kimyakimya zaidi. Jengo likikaa miaka kumi bila mtu, nyasi zikapanda hadi dirishani, kila mpita njia atasema heri liuzwe. Huo si ushahidi kwamba halihitajiki. Wakati mwingine ni ushahidi kwamba bajeti haikutengwa, au kwamba mtu analiacha lioze makusudi ili siku ya kulithamini liwe la bei ya kutupa.

Kwa Vonza, kwenye barabara ya kutoka Kitui kwenda Machakos, kuna mfano wa upande wa pili. Katika miaka ya 1970 wananchi wa Ukambani walichanga kwa harambee kuanzisha Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, iliyojulikana kama UKAI. Haikufika walikotarajia. Kwa miaka mingi palikuwa na ardhi kubwa sana na shughuli kidogo sana, hali ambayo mhasibu yeyote angeiandika kama mali iliyolala. Mwaka 2008 pakafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Ardhi ile ingepigwa mnada miaka ya 1990, nchi ilipokuwa na njaa ya viwanja, pangekuwa na mashamba ya watu binafsi, na serikali ingelazimika kutafuta mahali pengine pa kujenga chuo kwa bei ya soko. Nchi kavu kama Kitui haijui itahitaji nini baada ya miaka thelathini: bwawa, kituo cha umeme wa jua, hospitali ya pili. Ndiyo maana naona mtu anayesema ardhi ya umma imezidi ndiye anayepaswa kuthibitisha, wala si anayetaka ibaki.

Nchi nyingine zimeweka foleni kwa ajili hii. Nchini Marekani, chini ya sheria ya 1949, idara ya shirikisho isiyohitaji tena jengo lake haiendi moja kwa moja kwa dalali. Kwanza idara nyingine za shirikisho huulizwa kama zinalitaka. Zikikataa, na tangu sheria ya mwaka 1987, wanaohudumia watu wasio na makazi hupata nafasi yao. Serikali za majimbo na za miji nazo zinaweza kuomba kwa ajili ya shule, bustani au hospitali. Mnunuzi binafsi yuko nyuma ya foleni. Foleni hiyo hupoteza muda na hulalamikiwa sana, lakini imeandikwa, na kila anayesimama ndani yake anajua zamu yake.

Kenya nayo ina foleni, hata kama wengi hawajawahi kuiona ikifuatwa. Katiba ya 2010 inasema ardhi yote ni ya Wakenya, na Ibara ya 62 inaiweka ardhi ya umma mikononi mwa serikali kama mdhamini tu. Kiwanja cha soko la Mwingi au la Emali kinashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi, na kinasimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Gavana hana kiwanja cha kugawa. Mwakilishi wadi hana. Ibara hiyohiyo inasema ardhi ya umma haiwezi kutolewa ila kwa masharti ya sheria iliyotungwa na Bunge, na sheria yenyewe ni Sheria ya Ardhi ya 2012, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016.

Utaratibu wake, ukiusoma kwa utulivu, unaeleweka. Ombi la kutoa ardhi linaanzia kwa Waziri wa Ardhi, au kwa waziri wa kaunti anayehusika na ardhi, ambaye huliwasilisha kwa Tume. Dalali hawezi kulianzisha wala mwekezaji mwenye barua ya mapendekezo. Tume ikilipokea inapaswa kwanza kuhakikisha ardhi hiyo haimo katika yale yaliyokatazwa: kingo za mito, maeneo oevu, misitu ya hifadhi, vyanzo vya maji, ardhi iliyotengwa kwa elimu, utafiti au usalama, na mahali penye thamani ya kihistoria au kitamaduni. Ukanda wa Kalundu pale Kitui mjini, kwa mfano, haupaswi hata kufika kwenye meza ya mthamini.

Ikivuka hapo, ardhi lazima iwe imepangwa, imepimwa na kuwekewa huduma. Sharti hili huwachekesha wenye uzoefu, kwa kuwa wamegawiwa viwanja ambavyo barabara yake ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Lakini limo, na lina meno mahakamani. Kisha Tume inatoa ilani kwa umma siku 30 au zaidi kabla ya kuitoa ardhi. Njia za kuitoa ni kadhaa: mnada wa hadhara kwa bei isiyopungua bei ya chini iliyowekwa, zabuni, kura ya hadhara, kushindanisha mapendekezo ya miradi, au kubadilishana na ardhi nyingine ya thamani sawa. Kuna pia njia ya kuwafungia nafasi watu wa kundi fulani ili kuinua hali yao.

Hiyo njia ya mwisho ndiyo iliyotumika zaidi Makueni kuliko mnada, hata kabla sheria haijaipa maneno hayo. Watu walioondolewa Vilima vya Chyulu walipewa makazi Masongaleni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Skimu za namna hii si zawadi tupu kama wengi wanavyofikiri. Mgawiwa hupewa barua, hulipa sehemu ya mwanzo, na deni linalobaki hukaa juu ya ardhi hadi litakapofutwa. Familia ikifiwa na aliyeandikishwa kabla deni halijaisha, wanawe hubaki na shamba walilolifyeka na kulilima miaka thelathini, na jina kwenye faili ni la marehemu. Kwa macho ya ofisi ardhi ile ilishatolewa zamani. Kwa macho ya mwenye jembe bado anaisubiri.

Na hata mshindi wa mnada kwa kawaida hanunui ardhi ya milele. Anapata hati ya kukodi, mara nyingi ya miaka 99, mwenye nyumba wake akiwa umma. Sheria inasema pia kwamba asipoiendeleza ardhi kulingana na masharti ya hati, inarudi serikalini. Ni wangapi wamenyang'anywa kwa kutojenga? Tembea mitaa ya pembeni ya mji wa Wote uhesabu viwanja vyenye ua na kufuli bila hata msingi.

Majengo yana sheria yake ya ziada. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 inahesabu ardhi na majengo kuwa mali kama gari au kompyuta. Kila taasisi ya umma inatakiwa kuwa na kamati ya kuondoa mali, inayokagua kitu, kusema kama kinahitajika, na kumpendekezea afisa mhasibu njia ya kukiondoa. Njia ya kwanza kutajwa katika sheria hiyo ni kukihamishia taasisi nyingine ya umma. Zabuni na mnada vinafuata. Sheria hiyohiyo inazuia mali kuuziwa mfanyakazi wa taasisi au mjumbe wa kamati zake, isipokuwa pale ilipoelezwa wazi kwamba inaruhusiwa.

Kwa hiyo nyumba ya zamani ya afisa mifugo ikitaka kuuzwa pamoja na kiwanja chake, sheria mbili zinakutana mlangoni, na ndipo ujanja unapopenyea. Nimeshaona faili linaloshughulikia nyumba kwa ukamilifu, kamati imekaa, kumbukumbu zimetiwa saini, na halisemi chochote kuhusu udongo uliobeba nyumba hiyo. Aliyenunua jengo anaanza kulipia kodi ya ardhi, miaka inapita, na siku moja anakuja kuomba arasimishiwe.

Hapa niseme kidogo kuhusu bei, kwa maana ndiyo kazi yangu. Chukua mfano wa kubuni. Ekari mbili katikati ya mji wa kaunti zina nyumba tatu za mawe za miaka ya 1950, paa limetoboka, mchwa wamemaliza fremu. Kwenye vitabu vya serikali nyumba hizo hazina thamani iliyobaki, kwa kuwa uchakavu wake ulishahesabiwa miaka mingi iliyopita. Mtu asiyejua, au anayejua sana, atakwambia basi mali hii ni ya bei rahisi. Lakini hakuna mwekezaji anayezitaka nyumba zile. Anataka ekari mbili. Ikiwa ekari moja hapo ni shilingi milioni 8 kama makazi, mali ni milioni 16, na gharama ya kubomoa ipunguzwe. Ikiwa mpango wa mji unaruhusu maduka na ghorofa, huenda ekari hiyohiyo ikawa milioni 20, na mali ikapanda hadi milioni 40. Tofauti ya milioni 24 haitokani na tofali hata moja. Imetokana na mstari mmoja kwenye mpango wa matumizi ya ardhi.

Sasa jiulize mstari huo ulibadilishwa lini. Ukibadilishwa kabla ya kuuza, faida ni ya umma. Ukibadilishwa miezi sita baada ya kuuza, faida ni ya mnunuzi, na pengine ya yule aliyejua kwamba utabadilishwa. Ndiyo maana Uingereza, ambako tangu sheria ya 1972 halmashauri hazipaswi kuuza ardhi kwa bei iliyo chini ya bora inayoweza kupatikana isipokuwa kwa idhini ya waziri, mikataba mingi ya mauzo hubeba sharti kwamba matumizi yakibadilishwa ndani ya muda fulani, muuzaji wa awali anagawana faida. Kaunti zetu zingeweza kuandika sharti kama hilo kesho asubuhi bila kusubiri sheria mpya. Ni aya moja tu kwenye mkataba.

Bei ya chini ya mnada nayo ina siri zake. Ikivuja, wanunuzi hukutana hotelini na kukubaliana nani atapandisha na nani atanyamaza. Ilani ikitolewa wiki ya sikukuu, au kiwanja kikielezwa kwa namba ya ramani tu bila kutaja mtaa, wanaojitokeza huwa wachache. Mnada wenye watu wawili ni mnada kwa jina.

Wanaopata nafuu kubwa, hata hivyo, mara nyingi hawakuwa na haja ya kwenda mnadani, kwa kuwa walikuwa wameshalala ndani ya mali yenyewe. Mwaka 2004 serikali ya Kenya iliunda hazina ya makazi ya watumishi wa umma, na nyumba za serikali zilizoitwa zisizo za kimkakati zikauzwa kwa watumishi. Tanzania ilikuwa imetangulia: kuanzia mwaka 2002, chini ya Rais Benjamin Mkapa, nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watumishi, Wizara ya Ujenzi ikiwa chini ya John Magufuli, na jambo hilo lilimfuata hadi kwenye kampeni za urais za 2015. Hoja ya kuuza ina uzito wake, kwani nyumba zilikuwa zinakula pesa za ukarabati na mtumishi wa kawaida anastahili kumiliki makazi. Ila nyumba ya serikali iliyo karibu na hospitali au mahakama haikujengwa kwa ajili ya mtu, ilijengwa kwa ajili ya kazi. Daktari atakayehamishiwa Mutomo au Kibwezi mwaka ujao hajulikani leo, kwa hiyo hawezi kusimama kwenye foleni na kusema naihitaji.

Ubaya mkubwa zaidi ulipitia kwenye barua. Sheria ya zamani ya ardhi ya Serikali ilitaka viwanja vya mijini viuzwe kwa mnada, isipokuwa Rais akiagiza vinginevyo. Hilo “vinginevyo” ndilo lililogeuka kuwa kawaida. Barua za kugawa viwanja, ambazo watu huziita aloti, zilitolewa bila mnada, mwenye barua akaiuza kabla ya kulipia, mnunuzi akaiuza tena, na barua yenyewe ikawa sarafu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003 na kukabidhi ripoti mwaka 2004, ilikadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zisizo halali zilitengenezwa kati ya 1962 na 2002, nyingi mno zikiwa za baada ya 1986. Ardhi ya amana haikupona. Mabaraza yaliyopaswa kuitunza kwa niaba ya wenyeji yaligawa viwanja vya masoko, vya shule na vya makaburi.

Ndiyo sababu katika miji ya Kitui na Makueni utamkuta mtu mwenye duka zuri la ghorofa moja, na mkobani mwake ana barua ya baraza ya miaka ya 1990, cheti cha bikoni, yaani mawe ya mpaka, na rundo la risiti za ushuru wa kiwanja. Hana hatimiliki. Akienda ofisi ya ardhi anaambiwa, “Mzee, hii ni barua tu.” Anakasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu kwa miaka yote hiyo ofisi ilipokea pesa zake bila kuuliza. Lakini karani amesema kweli. Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi, Mahakama ya Juu ilisema barua ya kugawiwa haimpi mtu haki juu ya ardhi. Ni toleo linalosubiri masharti yatimizwe. Wa kwanza asiyetimiza masharti hana cha kumuuzia wa pili.

Aprili mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilikuwa imetoa hukumu nzito zaidi, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja cha Nyali kilichokuwa kimetengwa kuwa nafasi ya wazi ya umma kilimilikishwa Daniel arap Moi mwaka 1989, kikapita mikono hadi kwa kampuni hiyo, nayo ilikuwa na hatimiliki. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta kufungua njia ya kwenda ufuoni. Mahakama ilisema kwamba hatimiliki pekee haitoshi mizizi yake ikiwa na kasoro, na mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya kutojua kama hakuchunguza. Katiba nayo, katika Ibara ya 40, inasema ulinzi wa mali haugusi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Maana yake kwa mnunuzi wa kiwanja kilichowahi kuwa cha umma, kiwe Wote, Kitui au Makindu, ni kwamba kutazama hatimiliki ya leo hakutoshi. Tafuta faili la siku ya kwanza. Uliza ombi lilitoka kwa nani, ilani ilichapishwa wapi, kiwanja kilikuwa kimetengwa kwa kazi gani kwenye ramani ya mji, malipo ya mwanzo yalifanywa lini na nani. Wakili akikwambia hayo hayana haja, tafuta mwingine.

Kuna njia ya tatu kati ya kuuza na kuacha mali ioze, nami naipendelea. Serikali ilinunua ekari 5,000 kutoka Malili Ranch, Makueni, ili kujenga mji wa teknolojia wa Konza. Ilinunua, kumbuka, kwa kuwa haikuwa na ardhi yake ya kutosha mahali ilipoitaka. Wawekezaji wa Konza hawauziwi ardhi hiyo, wanaikodi. Jengo la kaunti lililolala linaweza kukodishwa miaka kumi na mitano kwa ushirika wa wafugaji nyuki au chama cha wakulima wa maembe, kwa kodi inayopitiwa kila baada ya miaka michache, na mali ikabaki kwenye rejista. Pesa za mauzo huja mara moja, na mara nyingi huingia kwenye matumizi ya kawaida: mishahara, mafuta ya magari, semina. Miaka miwili baadaye huwezi kuonyesha hata kimoja kilichonunuliwa. Kaunti ikilazimika kuuza, basi iseme mapema pesa zitajenga nini, na bunge la kaunti liliandike jambo hilo katika bajeti kabla dalali hajaitwa.

Tusidanganyane kwamba sheria hizi zinafuatwa kwa sababu tu zimeandikwa. Tume ya Ardhi ilipewa miaka mitano ya kupitia upya ugawaji wa zamani wa ardhi ya umma, na muda huo uliisha mwaka 2017 kazi ikiwa bado ipo. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, wakati serikali ilikuwa imeliweka jumba la mikutano la KICC katika orodha ya mali za kubinafsishwa. Jumba la KICC lilipata watetezi kwa sababu linaonekana kutoka kila pembe ya Nairobi. Nyumba tatu za miaka ya 1950 nyuma ya ofisi ya naibu kamishna wa kaunti hazina watetezi wa namna hiyo.

Zina majirani tu. Kwa hiyo ukiona mawe ya mpaka yamechimbiwa kwenye uwanja wa soko, au wapima ardhi wamesimamisha mitambo yao kwenye kiwanja cha zahanati, usisubiri ua ujengwe. Andika barua kwa ofisi ya ardhi ya kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, uulize kiwanja hicho kimeombwa na nani na kwa kazi gani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Ilani ikiwa imeshatoka, peleka pingamizi lako kwa maandishi kabla ya siku 30 kwisha, likiwa na majina ya watu wengi kadiri mnavyoweza kupata, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku hizo zikipita, mlango unaobaki ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nayo inaketi Kitui na inaketi Makueni.